Fedha ya 999 inapasuka na mashine inasema safi

sonara_amu
Asalaam aleikum jamaa. Nafua fedha hapa Amu, bangili na zile pete za vigae vya sahani za Kichina. Fedha ya safari hii nimeuziwa kama 999, yaani safi asilimia 99.9, nikaipeleka ikapigwa ile bastola ya eksirei ikasoma 99.9, lakini nikiifua bati lapasuka kingoni, na likiwa la moto ndo balaa zaidi. Kipimo gani kitaniambia mlimo nini?

maabara_msa
Waaleikum salaam kaka. 999 bado inaacha nafasi ya sehemu 1000 kwa milioni za vitu vingine, na metali kama risasi au bismathi kidogo tu inaharibu kazi. Fedha ikiganda risasi inasukumwa kwenye maungio ya zile punje ndogo zinazounda fedha, na fedha inayeyuka digrii 962 lakini mchanganyiko wake na risasi unaanza kuyeyuka 304, so ukipasha tu yale maungio yanalegea. Bastola inaona ngozi ya juu, na kiasi kidogo hivyo kinaipita kirahisi. Omba kipimo cha maabara kiitwacho ICP: kipande kinayeyushwa kwa asidi ya nitriki, kinapuliziwa kwenye plasma (gesi ya moto mkali mno), kila elementi inatoa mwanga wake, risasi wanaitafuta kwenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 220.353, bismathi 223.061. Sampuli toboa kwa keekee ndani kabisa, ukiona chuma kwenye majibu huenda ni cha keekee.

bi_kemia
Na tafadhali usisuuze sampuli kwa maji ya visima vyetu, yana chumvi, kloridi ikikutana na fedha kwenye asidi inaganda ukungu mweupe. Waulize pia kama sampuli zao za kulinganishia zimetiwa fedha safi kiasi kile kile, maana fedha nyingi kwenye plasma inavuruga usomaji wa vile vidogo.

fundi_malindi
Kabla hujalipa maabara fikiria hewa. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni karibu mara 20 ya ujazo wake, ikiganda inaitema na kuacha vishimo, na hiyo ICP haiioni kabisa. Yeyusha tena, funika kwa makaa na boraksi, mimina, ufue.

maabara_msa
Fundi hapo sawa, jaribu hilo kwanza ni rahisi. Ila kupasuka ikiwa ya moto mimi bado naishuku risasi, hasa kama waliosafisha walitia vyombo vya zamani vilivyoungwa kwa lehemu ya risasi.

sonara_amu
Shukran sana, leo usiku nawasha makaa. Keekee ninayo, ikipasuka tena natuma sampuli.