Tupeane uzoefu: The Notebook imetugawa wasomaji wa Mbeya, wewe uko upande gani?

Mama Duka Kabwe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Baridi ya Julai hapa Mbeya mnaijua, saa kumi na mbili kila mtu kashajifungia ndani. Sasa kuna kitabu kimoja cha mtumba kinazunguka kwa wenye vibanda wa Kabwe na Mwanjelwa mpaka jalada limetoka: The Notebook cha Nicholas Sparks, Mmarekani, kilichotoka 1996. Kila anayekirudisha anakuja na lake. Mmoja alinirudishia macho mekundu. Mwingine alikitupa juu ya magunia ya mchele akauliza, "Hivi hawa watu hawakuwa na kazi za kufanya?"

Kwa ambao hawajasoma: Noah ni kijana wa hali ya chini wa New Bern, mji mdogo wa North Carolina. Mwaka 1932 anampenda Allie, binti wa familia yenye nacho, aliyekuja pale kwa majira ya joto tu. Binti anaondoka, Noah anaandika barua, hajibiwi. Kumbe mama wa binti ndiye anazificha. Miaka 14 inapita, Vita Kuu ya Pili imeisha, Noah kanunua nyumba kuukuu na kuikarabati kwa mikono yake, Allie anaiona picha gazetini. Wakati huo ana mchumba, mwanasheria anaitwa Lon, na harusi ni wiki tatu zijazo. Anawasha gari kwenda "kumsalimia tu" Noah. Kilichofuata mnakijua.

Halafu inakuja sehemu ya uzeeni. Noah ana miaka 80, wako kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Allie ana ugonjwa wa Alzheimer na mume wake hamjui. Kila siku mzee anakwenda kumsomea daftari lenye hadithi yao wenyewe, naye anaisikiliza kama habari za watu baki. Siku moja moja, kwa muda mfupi, anamtambua.

Mimi nusu ya kwanza niliirukaruka. Mabata bukini ziwani, mvua, mahaba mbele ya moto, sukari ilizidi. Nusu ya pili niliisoma nikiwa nimefunga duka mchana kweupe. Lakini sitaki uhakiki wa kitabu hapa, nataka ya kwenu. Aliyesubiri, aliyesubiriwa, aliyeachwa kwenye mataa, mwenye mzee aliyemsahau mwenzake. Majina ya watu tusitaje.

Fundi Seremala Ilomba

Mimi namtetea Lon, maana naona kila msomaji anampita kama nguzo ya umeme. Kakosa nini? Hakumpiga mtu, halewi, ana kazi, kajitambulisha kwa wazazi, tarehe imepangwa. Mtu kasoma gazeti, basi, kila kitu kinafutwa, na sisi tunaambiwa tufurahi.

Nasema hivi kwa sababu Lon ni mimi. Nilituma mshenga Rungwe, na kwa Wanyakyusa mahari ni ng'ombe, hakuna longolongo. Baba alitoa wawili, wa tatu nilimnunua kwa hela ya madawati. Sendofu ikiwa imekaribia, bibi harusi akaondoka na kijana aliyesoma naye. Akasikika yuko Chunya, machimboni.

Kikaitwa kikao cha kurudisha mahari. Mzee wa upande wao akasimama, akakohoa, akasema ng'ombe watarudi, isipokuwa mmoja ambaye alishachinjwa msibani. Na ndama aliyezaliwa pale ni wa kwao, kwa sababu kazaliwa kwao na kala majani ya kwao. Wajomba zangu wakawaka. Ndama alibishaniwa mpaka jua likazama, na muda wote huo hakuna mtu aliyenigeukia kuuliza, wewe kijana unaendeleaje. Kitabuni napo ni hivyo hivyo, Lon akishaachwa hana kazi tena. Nilipofika hapo nikakifunga.

Binti wa Kyela

Fundi, pole sana kaka. Ila Lon wa kitabuni alikuwa mtu wa kazi muda wote, hata akiwa na mchumba wake akili iko mahakamani. Mwanamke anayahesabu hayo.

Fundi Seremala Ilomba

Kwa hiyo kosa langu ni madawati?

Mwalimu Mstaafu Njombe

Marahaba kwa wote walionisalimia. Mimi nazungumzia barua.

Nilisoma bweni miaka ya 70, shule ya wasichana ya huku huku nyanda za juu, siitaji. Barua zote zilipitia kwa mwalimu wa nidhamu na zilifunguliwa kabla hujazigusa. Kijana mmoja aliniandikia kwa Kiingereza ili aonekane msomi. Mwalimu aliisoma mstarini, shule nzima inasikiliza, na kila alipokuta kosa la sarufi alisimama, akaichora hewani kwa fimbo ile herufi iliyokosekana. Wenzangu walicheka mpaka waliokuwa wanapandisha bendera wakashindwa kuvuta kamba. Sikumjibu yule kijana.

Kwa hiyo mama yake Allie kuficha barua hakunishangazi hata kidogo. Ninachoshangaa ni kwamba alizitunza miaka yote ile, halafu akaja kumkabidhi binti yake mwenyewe. Wa kwetu angewashia kuni.

Nilikuja kukutana naye stendi ya Makambako, mimi nina wanangu tunatoka likizo, yeye kashakuwa mchungaji. Akaniuliza, "Hivi ile barua uliipata?" Nikamwambia, "Iliipata shule nzima." Tulicheka sana. Akawanunulia watoto mahindi ya kuchoma, basi lake likapiga honi, akaenda zake. Mvua haikunyesha na moyo haukunienda mbio. Kitabu kinataka tuamini penzi la ujana halifi. La kwangu lilikufa vizuri tu, na mume niliyempata baadaye sikuwahi kumpima kwa mtu mwingine.

Kijana wa Sae

Mwalimu umeniua na "iliipata shule nzima". Wengine tuliona sinema tu, ile ya 2004. Barua 365, moja kila siku, mwaka mzima. Nani ana muda huo? Na mwisho wanafia kitanda kimoja wameshikana mikono. Nililia, sikatai.

Mama Duka Kabwe

Hizo 365 ni za sinema, mdogo wangu, na kifo hicho pia. Kitabu kinaishia wote wawili wakiwa hai. Tafuta usome.

Mkulima Busokelo

Ndaga wote.

Babu yangu alikwenda Wenela. Wazee wa Rungwe neno hilo wanalijua, ndiyo ile kampuni iliyokuwa inachukua watu kwenda migodi ya dhahabu Afrika Kusini, kabla serikali haijaifunga ajira hiyo baada ya Uhuru. Alimwacha bibi na mimba ya baba. Kuna waliorudi na blanketi na baiskeli, kuna waliorudi kifua kimeharibika kwa vumbi, na kuna walionogewa huko wakasahau njia. Babu aliporudi, baba alikuwa mtoto wa kuchunga. Bibi akakutwa palepale, migomba imepaliwa, nyumba imeezekwa upya. Kanisani kwetu Moravian ikawa kila harusi anatolewa mfano: tazameni upendo unaodumu.

Mimi nikiwa sekondari nilimuuliza, bibi, miaka yote ile ulikuwa unamuwaza? Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata kichwa. "Ningekwenda wapi? Ng'ombe kaka yangu alishaoa nao." Yaani ng'ombe wa mahari yake ndio hao hao kaka yake aliwapeleka kuolea. Angeondoka yeye, wangedaiwa, na ndoa ya kaka nayo ingeyumba. Akamenya ndizi nyingine mbili tatu, ndipo akasema, "Lakini alipokuja nilifurahi."

Sasa wanaosema kitabu ni uongo na wanaosema ni kweli mtupu, bibi yangu anawapa nusu nusu.

Binti wa Kyela

Hiyo ya kaka kuoa kwa ng'ombe wa dada imenikaa kooni. Wangapi tumewasifia uvumilivu kumbe mlango ulifungwa kwa nje.

Mkosoaji Tukuyu

Mnasahau mwandishi mwenyewe alitangaza kutengana na mkewe 2015. Huyo ndiye wa kutufundisha mapenzi ya kudumu?

Mwalimu Mstaafu Njombe

Mganga hajigangi, mwanangu. Tena kisa chenyewe alisema alikitoa kwa babu na bibi wa huyo huyo mkewe, waliokaa kwenye ndoa zaidi ya miaka 60. Wakati huo alikuwa anauza dawa za hospitali, anaandika usiku. Aliyeyaona kwa wengine anaruhusiwa kuyaandika.

Nesi wa Zamu Iringa

Kamweneni. Nimesoma yote nikiwa zamu. Mimi ni nesi, na nimemuuguza mama mkwe nyumbani kwetu Kihesa kwa ugonjwa huo huo, kwa hiyo nusu ya pili mnayoililia naijua kwa ndani.

Alianza na vitu vidogo. Anauliza kama ng'ombe wamenyweshwa, unamjibu, kabla hujakaa anauliza tena. Mambo ya jana yanapotea, ya usichana wake yapo yote, mpaka jina la mbwa wao. Ikifika jioni anakuwa hatulii, anataka "kwenda nyumbani" na nyumbani ndipo alipo. Usiku mmoja akafungua mlango akatoka. Alikutwa alfajiri uani kwa jirani, kajifunga khanga moja kwa baridi ya Iringa, anatafuta mbuzi waliouzwa kabla hata sijaolewa. Na maneno ya watu mnayajua, bikizee kukutwa uani kwa mtu alfajiri. Jirani hakutamka kitu, lakini kesho yake wanawe wakakatazwa kuja kucheza kwetu. Ikabidi mume wangu amwite mjumbe na majirani wote, nikaueleza ugonjwa kwa kinywa changu, kwamba uko kwenye ubongo, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza tangu 1906, na dawa ya kuuponya mpaka leo hakuna. Wengine walielewa. Wengine walikunywa chai wakaondoka.

Sasa kitabu. Mzee Noah anasoma, sawa, na yeye mwenyewe mgonjwa, namheshimu. Lakini Allie anaogeshwa na nani? Anabadilishwa shuka na nani? Kuna wafanyakazi, wanapita pembeni ya hadithi tu. Huku kwetu kazi hiyo ni ya mkamwana, na hakuna aliyemwandikia kitabu.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba ukikisoma unaweza kudhani mgonjwa anarudi kwa sababu umempenda vya kutosha. Siku nzuri zipo, nimeziona. Zinakuja zenyewe na kuondoka zenyewe. Nimekaa na binti kwenye benchi la wodi analia kwamba mama yake hamtambui, anajiuliza alimkosea nini. Hukumkosea kitu, ni ugonjwa.

Ila nitawapa kimoja upande wa wanaokipenda. Baba mkwe hakuwa na daftari. Yeye alichukua kitana na mafuta, kila asubuhi anamchana mama nywele pale kibarazani, taratibu, maana kichwa kilikuwa kinamuuma. Mama hakumjua tena. Siku moja akimaliza, mama akamwambia, "Asante kaka. Mume wangu akirudi nitamwambia akulipe." Baba mkwe akasema, "Haya, hamna haraka." Akafuta kitana, akaingia ndani.

Kijana wa Sae

Dada Nesi hiyo nimeisoma kwenye daladala, nimepitiliza kituo.

Mama Duka Kabwe

Nesi, mimi hilo la mkamwana sikuliona kabisa, na nimekisoma mpaka jalada likatoka. Nimerudia kurasa za nyumba ya wazee sasa hivi. Kweli, manesi wanaingia, wanatoka, wanamfumbia macho mzee akinyata usiku kwenda chumbani kwa mkewe. Mnaobeza kitabu naona karibu wote mnabeza ujana wao. Hapo kwenye uzee bado hakuna aliyekuja kucheka.

Mkosoaji Tukuyu

Sijacheka. Nilichosema ni mwandishi.

Fundi Seremala Ilomba

Dada Nesi, naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Baba yangu siku hizi anaficha funguo za karakana halafu analaumu vijana kwamba wameiba. Na mimi ananiita kwa jina la kaka yangu ambaye ni marehemu. Watu wananiambia ni uzee, nimwache.

Nesi wa Zamu Iringa

Usimwache, kaka Fundi. Mpeleke hospitali kwanza, maana si kila kusahau ni Alzheimer. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa mzee yanaweza kumchanganya ghafla. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, hata dawa anazokunywa zikigongana, vyote hivyo vinaleta hali inayofanana, na vingi vinatibika. Beba dawa zake zote kwenye mfuko daktari azione. Mpime na masikio, kuna mzee anaonekana kasahau kumbe hakusikia. Chonga funguo za ziada, usigombane naye kuhusu wizi. Mlangoni funga kengele ndogo, ile ya baiskeli inatosha, ili usiku akitoka msikie. Na akikuita kwa jina la kaka yako, usimkumbushe msiba kila mara, kwake unakuwa mpya. Itika.

Fundi Seremala Ilomba

Kuitika nilishaanza, dada. Jana nimeitika, akanituma nikamwambie mdogo wangu, yule fundi, aache kupoteza misumari.