Naomba ushauri: Upasuaji wa pua kwa mwanaume asiyetaka kubadilika sura

Ndugu zangu, heshima kwenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, mkazi wa Dar es Salaam, na pua yangu ilipinda baada ya kupigwa kiwiko mpirani. Tundu la kushoto halipitishi hewa vizuri, hasa ninapolala. Daktari wa masikio, pua na koo amethibitisha kwamba ukuta wa kati umepinda, na dawa ya kupulizia aliyonipa haikusaidia.

Kwa kuwa upasuaji hauepukiki, ningependa umbo nalo linyooshwe, lakini pua ibaki ya kiume na ya ukoo wetu: pana kiasi, mgongo ulionyooka, ncha isiyobinuka. Kliniki moja ya Istanbul niliyoiandikia ilinirudishia picha ya kompyuta yenye pua nyembamba, iliyochongoka, ambayo mama yangu asingeitambua. Ngozi yangu ni nene, nami naelewa kwamba ngozi ya namna hiyo huficha marekebisho ya gegedu (ule mfupa laini unaoipa pua umbo), na uvimbe wa ncha huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kuisha.

Kwa waliofanyiwa wakiwa na ngozi nene, je, daktari aliongeza gegedu la sikio au la ubavu badala ya kupunguza tu, na pua ilionekanaje uvimbe ulipokwisha? Pili, nina keloidi (kovu nene lililokua kupita jeraha lenyewe) kifuani: je, mkato mdogo wa katikati ya matundu uliwahi kumwachia yeyote mwenye keloidi kovu la kuvimba, au nisisitize upasuaji wa kupitia ndani ya pua pekee?