Ushauri: hili jiwe ni granaiti au granodioraiti?

Mkusanyaji: Wakuu, habari zenu. Nina jiwe la ukubwa wa ngumi, kijivu lenye madoa meusi. Punje zinaonekana kwa macho, zimeshikana kweli kweli, hakuna tundu wala tabaka. Nililiandika "granaiti" kwenye kikasha, jamaa yangu kaniambia nifute niandike granodioraiti. Nitajuaje bila maabara? Kisu hakikwaruzi kitu.

Nyundo Ndogo: Kisu weka pembeni mkuu. Madini makuu humo ni felspa, ugumu wake 6 kati ya 10, na kwatzi, 7; zote zinakishinda. Granaiti na granodioraiti ni magma (mwamba ulioyeyuka) iliyopoa polepole chini ardhini, ndiyo maana punje zimenenepa. Zinaachana kwenye felspa: kwenye granodioraiti, plagioklezi (aina mojawapo ya felspa) ni 65% hadi 90% ya felspa yote, na kwatzi haishuki chini ya 20% ukiweka punje nyeusi kando. Rangi isikuponze, kuna granaiti za kijivu kibao.

Kokoto: Banjua kidogo upate uso mpya, kisha lenzi ya mara 10, juani. Geuza jiwe taratibu mpaka punje nyeupe imulike kama kioo. Ukiona vimistari vilivyonyooka, sambamba, kama vimepigwa rula, hiyo ni plagioklezi. Kwatzi haina uso bapa, imevunjika kama chupa. Ila ukikosa vimistari usikimbilie kuhukumu, huenda punje imekugeuzia upande usiofaa.

Mkusanyaji: Duh, nimeviona! Nilikuwa naviona kama mikwaruzo tu. Sasa asilimia napataje?

Nyundo Ndogo: Chora viboksi kwenye nailoni angavu, tandaza juu ya jiwe, kila mistari inapokutana andika punje iliyo chini yake.

Mama Miamba: Na usione aibu. Jiwe la Rosetta, lile la kale la Misri lenye maandishi, limo British Museum, London, tangu 1802, wakaliita basalti (mwamba mweusi wa volkano) miaka na miaka kwa ule weusi. Lilipokuja kusafishwa 1999, nta na uchafu vikatoka, kumbe granodioraiti. Wewe umekosea kwa jirani tu, wao walikosea mtaa mzima!

Mkusanyaji: Hahaha. Haya, nimehesabu vitone 60 mistari inapokutana: kwatzi 15, zenye vimistari 27, felspa nyingine 7 (mbili za waridi), nyeusi 11.

Kokoto: Plagioklezi 27 kati ya felspa 34, kama 79%. Kwatzi 15 kati ya 49 zisizo nyeusi, kama 31%. Jamaa yako kashinda. Ila andika kwa penseli, vitone 60 ni vichache.