Kibali cha kujenga shambani ilhali hatimiliki bado ina jina la babu

Mjukuu wa Shamba aliuliza:

Hamjambo nyote. Nimekusudia kujenga nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu vya kulala katika shamba la familia yetu, katika kaunti ya mashambani hapa Kenya. Babu alifariki zamani, na hatimiliki ya shamba zima bado ina jina lake. Baba na ndugu zake waligawana kwa maneno mbele ya wazee wa kijiji, wakapanda miti mpakani, na hadi leo hakuna aliyemgombeza mwenzake. Nilipopeleka michoro ya nyumba katika ofisi ya mipango ya kaunti, nilirudishiwa kabla hata haijakunjuliwa, nikaambiwa nilete kwanza hati yenye jina langu. Wakati huo huo, jirani yangu amemaliza nyumba kubwa kuliko yangu bila kuonyesha mtu karatasi yoyote. Je, ni kweli kwamba kijijini nako kibali kinahitajika? Na kama kinahitajika, nianzie wapi?

Fundi wa Miaka Mingi alijibu:

Ndugu yangu, nimejenga nyumba nyingi vijijini na sikumbuki mara moja ambapo afisa wa kaunti alikuja kuniuliza kibali. Wanaofuatwa ni wale wa mjini na wa pale sokoni kando ya lami. Ikiwa familia haina ugomvi, chimba msingi, kwa maana bei ya simenti haitakusubiri umalize kuzunguka maofisini.

Mpangaji Mstaafu alijibu:

Kwa heshima zote kwa fundi, anayosema kuhusu maafisa kutofika vijijini ni kweli, lakini hayo ni maelezo ya upungufu wa maafisa, si ya sheria. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1996, inasema katika kifungu cha 57 kwamba mtu yeyote haruhusiwi kuendeleza ardhi, kama vile kujenga juu yake, ndani ya kaunti bila idhini ya waziri wa kaunti anayehusika na mipango, na haikuwatenga watu wa mashambani. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Nyumba ya jirani yako haijahalalika kwa kuwa haijaulizwa. Itaulizwa siku atakapotaka kuiweka rehani benki, au kuiuza, au barabara itakapopanuliwa.

Hata hivyo, tatizo lako mjukuu si michoro. Ofisi ya mipango haiwezi kumpa idhini mtu ambaye kwa mujibu wa daftari la ardhi si mwenye ardhi, na maneno ya wazee, hata yakiwa ya haki kabisa, hayamo katika daftari hilo. Zaidi ya hayo, Sheria ya Urithi inakataza katika kifungu cha 45 mtu asiyeidhinishwa kuingilia mali ya marehemu. Kwa hiyo safari yako inaanzia kwa chifu, ambaye ataandika barua inayowataja warithi wote wa babu, wakiwemo mashangazi walioolewa. Nawataja makusudi, kwa sababu nimeona kesi nyingi zikirudishwa nyuma miaka kadhaa kwa ajili ya binti mmoja aliyeachwa nje ya orodha. Barua hiyo pamoja na cheti cha kifo hupelekwa mahakamani, ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, kisha msimamizi wa mirathi, yaani anayeshughulikia mali ya marehemu kwa niaba ya warithi, hupewa hati ya usimamizi. Hati hiyo peke yake haimruhusu kugawa shamba. Kwa kawaida hungojewa miezi sita ndipo mahakama iithibitishe na kuonyesha nani apate kipande gani.

Jambo moja huwachanganya wengi. Watu husema kwamba ardhi ya urithi haihitaji idhini ya bodi ya ardhi (Land Control Board), inayodhibiti uhamishaji na ugawaji wa ardhi ya kilimo. Ni kweli iwapo shamba zima linahamia kwa warithi likiwa moja, lakini likigawanywa kuwa vipande viwili au zaidi vyenye hati tofauti, idhini ya bodi inahitajika, kwa kuwa ni ardhi ya kilimo. Ugawaji wenyewe pia unahesabiwa kuwa uendelezaji, hivyo nao unapitia mipango ya kaunti. Mtafute mpima ardhi mwenye leseni mapema, aangalie kama miti ya mpaka mliyopanda inalingana na ramani.

Mama wa Ploti ya Mtoni alijibu:

Naunga mkono, na ninaongeza yale yaliyonipata baada ya hatimiliki yangu kutoka. Nilipeleka maombi yangu na michoro iliyopigwa mihuri ya msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa, pamoja na cheti cha uchunguzi (search) kutoka ofisi ya ardhi kinachoonyesha mwenye ploti, ramani ya ploti na risiti za ada. Kisha faili ikawa inasafiri: leo iko kwa afisa wa afya ya umma, kesho kwa wa barabara, keshokutwa aliyeshika ufunguo wa kabati amekwenda semina. Kilichoniokoa ni nakala yangu yenye muhuri wa siku ya kupokelewa, kwa kuwa sheria hiyo ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huchukuliwa kuwa imetolewa. Nilipoandika barua kuwakumbusha kifungu cha 58, jibu lilifika wiki hiyo hiyo.

Jibu lenyewe lilikuwa la kukataa, kwa sababu choo na tangi la maji taka vilikuwa karibu mno na mto na kisima. Nilikasirika, ila afisa wa afya alikuwa na haki. Nilisogeza tangi kwenye mchoro, nikawasilisha upya na nikapita. Anayeona amekataliwa bila sababu ya msingi ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti ya masuala ya mipango, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Mjukuu wa Shamba aliandika tena:

Asanteni sana, hasa kuhusu mashangazi, maana ni kweli hatukuwa tumewahesabu. Swali la mwisho kwa Mzee Mpangaji: je, ni lazima ningoje hadi kila mrithi apate hati yake, au ninaweza kuomba kibali mapema?

Mpangaji Mstaafu alijibu:

Huhitaji kungoja kipande cha kila mtu. Mahakama ikishathibitisha usimamizi, msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba ya shamba, na katika ofisi nilizofanyia kazi tulipokea maombi yaliyoambatanishwa na hati ya usimamizi iliyothibitishwa, barua ya ridhaa ya msimamizi, na mchoro wa mpima unaoonyesha kipande cha mwombaji. Kwa kuwa kaunti hutofautiana katika fomu na ada, iulize ofisi yako kwa maandishi kama inakubali utaratibu huo kabla hujamlipa msanifu kwa marekebisho. Katika muda huo wa kungoja, mwambie mpima akuonyeshe hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, inaishia wapi, kwa sababu barabara nyingi za mashambani kwenye ramani ni pana kuliko zinavyoonekana kwa macho, na uzio wa babu huenda umesimama ndani yake.