Mrejesho: intaneti iliyokuwa ikikatika kila usiku, Raskazone

Wakuu, asanteni sana. Nililalamika kwamba intaneti ya nyumbani hapa Raskazone, Tanga, inakatika umande ukianza kushuka. Nilifanya mlivyonielekeza: kompyuta ikawa inatuma ishara za kupima kama kuna jibu, kwa ruta (192.168.1.1, kifaa cha waifai humu ndani) na kwa 8.8.8.8 (seva ya Google huko nje kwenye intaneti) kwa pamoja, usiku kucha. Ruta ilijibu kila mara, chini ya milisekunde 2, 8.8.8.8 ilipotea hata dakika nzima. Basi waifai ya ndani haina kosa, tatizo liko baada ya ruta, na nilishataka kununua ruta mpya! Asubuhi fundi akapanda paani kwenye antena inayopokea intaneti. Kichwa cha waya kimekuwa kijani kwa kutu, pini mbili zimelika. Chumvi ya bahari hiyo. Akakata, akafunga kipya, akakizungushia tepu ya mpira. Leo usiku wa nne, haijakatika. Binti yangu kamaliza kutuma maombi ya chuo jana, nimefurahi mno.