Filamu za Kichina za upanga: je, kasoro zake ni za kuvumiliwa tu?

Mkazi wa Shangani (Mtwara) ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Hapa Shangani tumekubaliana kuwaonyesha vijana filamu kadhaa jioni za msimu wa korosho, nami nimependekeza filamu za upanga zilizotengenezwa Hong Kong na Taiwan katika miaka ya 1960 na 1970. Wenzangu wamenipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Niliwaonyesha *The Magic Blade*, filamu ya mwaka 1976 iliyoongozwa na Chor Yuen, ambamo Ti Lung ni mpiganaji mkimya mwenye upanga unaozunguka kwenye mpini wake. Wakasema msitu ni wa studio, jambo ambalo ni kweli. Kwamba kamera huvuta sura ya mtu ghafla bila sababu. Kwamba midomo haiendani na maneno. Na kwamba kila baada ya dakika chache anatokea adui mpya mwenye jina la kutisha, anapigana, anakufa, na hakuna anayemkumbuka tena. Hata hivyo, hakuna aliyeondoka. Ilipofika sehemu ya mapigano juu ya ubao mkubwa wa sataranji, ambapo kete ni watu wenye silaha, wapinzani wangu ndio waliosogea mbele zaidi.

Ninachouliza ni hiki: je, kasoro hizi tunazivumilia kwa ajili ya mapigano, au zimeungana na utamu wenyewe kiasi kwamba ukiziondoa unaondoa na utamu?

Mzee wa Newala amejibu:

Kijana wangu, baadhi ya mambo ambayo wenzako wanayaita kasoro yana asili yake. Filamu hizi zimekulia katika opera ya Peking, yaani mchezo wa jukwaani wa Kichina wenye nyimbo, ngoma na sarakasi, na humo mtu akishika fimbo yenye shada la nyuzi, watazamaji wanajua kwamba amepanda farasi, wala hakuna anayedai kumwona farasi. King Hu, mwongozaji aliyetutolea *Come Drink with Me* mwaka 1966 na *A Touch of Zen* mwaka 1971, alimtegemea Han Yingjie apange mapigano yake, naye Han alilelewa katika opera hiyo. Ndiyo maana wapiganaji wao husimama kimya kwa muda mrefu, wanatazamana, kisha kila kitu kinatokea kwa mpigo wa ngoma. Wakiruka, walirukia trampolini, yaani vitambaa vya kurushia watu juu, zilizofichwa chini ya upeo wa kamera, na picha zikakatwa upesi ili macho yetu yamalizie safari ya hewani.

Sisi Wamakonde tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wengi. Mchezaji wa ngoma anapotokea uwanjani juu ya miguu mirefu ya miti, hakuna anayesimama kuuliza kama miguu ile ni yake, kwa sababu watu wamekuja kutazama anavyocheza juu yake.

Kuhusu midomo, studio za Hong Kong za wakati ule zilipiga picha bila sauti na kuingiza maneno baadaye. Hata Mchina mwenyewe aliyatazama maneno yakiwahi au yakichelewa.

Mwalimu wa Lindi amejibu:

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu trampolini na midomo, lakini naomba tusizitakase kasoro zote kwa maji hayo hayo. Filamu nyingi za upanga za Chor Yuen zilitokana na riwaya za mwandishi Gu Long, na riwaya za aina hii kwa kawaida zilitoka sehemu kwa sehemu, msomaji akipewa siku nyingi za kumzoea kila mhusika. Ukiibana hadithi ya namna hiyo ndani ya saa moja na nusu, unabaki na orodha ya majina na maiti. Hilo ni tatizo la uandishi. Naipenda *The Magic Blade* kwa ukungu wake, taa zake na huzuni ya Ti Lung, wala sioni sababu ya kuisifu kwa yale ambayo haikuyafanya vizuri.

Tena si kweli kwamba filamu za upanga haziwezi kuwa na kisa kilichosukwa. Katika *One-Armed Swordsman* ya mwongozaji Chang Cheh, ya mwaka 1967, shujaa anakatwa mkono wa kulia na binti wa mwalimu wake. Anaokolewa na msichana wa shambani, ambaye anampa kitabu cha mafunzo kilichoungua nusu, nacho kinamfundisha kutumia mkono wa kushoto na upanga uliovunjika ulioachwa na marehemu baba wa shujaa. Wakati huo maadui wamebuni chombo cha kuunasa upanga wa wanafunzi wa chuo chake, nao wanauawa mmoja baada ya mwingine. Upanga wake mfupi hauingii katika mtego ule. Mkono wa mwigizaji umefichwa ndani ya nguo na mtazamaji makini anauona, lakini kisa kimefungwa barabara, na hapo kasoro ya macho haina nguvu yoyote.

Jambo moja linanikera: baada ya mwigizaji wa kike Cheng Pei-pei kuwatuliza wanaume wazima ndani ya nyumba ya wageni katika *Come Drink with Me*, filamu nyingi zilizofuata ziliwarudisha wanawake kwenye kulia na kusubiri.

Mkazi wa Shangani:

Ahsante, Mwalimu, shikamoo, mzee. Basi nianze na ipi?

Mtafsiri wa Mikindani amejibu:

Anza na *Come Drink with Me*, kwa sababu ni fupi na mapigano ya nyumba ya wageni yanakuja mapema. Ifuate *One-Armed Swordsman*. *A Touch of Zen* usiiweke usiku wa kwanza, kwani ina urefu wa kama saa tatu na pambano la kwanza linachelewa mno, ingawa mapigano yake ya msitu wa mianzi yanastahili subira yote hiyo. *The Magic Blade* iwe ya mwisho, vijana wakiwa wamekwisha kuizoea dunia ile ya wapiganaji wasioitii serikali bali heshima na visasi vyao.

Usiwaache wasome maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Nimetafsiri filamu kwenye vibanda vya video, na nakushauri umtafute mtu wa kusimulia kwa Kiswahili, naye aitazame filamu nzima kabla. Mwanzoni awaeleze watu nani ni mwanafunzi wa nani na nani anamdai nani damu. Upanga ukishatoka alani, anyamaze.