Usiku wa kutengeneza mapambo ya sikukuu kwa chupa za kioo, nianzie wapi?

RangiTele
Jamani habari zenu. Nataka nialike marafiki kama wanane hivi jioni moja kabla ya Krismasi tukae tutengeneze mapambo kwa zile chupa za kioo za mdomo mpana, za jemu na nyinginezo, nimezitunza mpaka kabati limejaa. Sasa wengi wao hawajashika brashi tangu shule na muda wenyewe ni masaa matatu tu, na sitaki mtu aondoke na kitu kibichi kinachafua nguo wala aondoke mikono mitupu. Tutengeneze nini? Halafu hizi lebo, nimeloweka karatasi imetoka vizuri ila gundi imebaki inanata balaa.

FundiKaratasi
Gundi ikibaki hivyo acha kuloweka, hiyo haisikii maji, inasikia mafuta. Changanya mafuta ya kupikia na soda ya kuokea kiasi sawasawa mpaka iwe kama uji mzito, paka, acha nusu saa, sugua na kitambaa itaviringika yenyewe inatoka. Kisha osha kwa maji ya moto na sabuni na hapa usifanye haraka, maana mafuta yakibaki hata kidogo rangi na gundi havishiki kabisa. Siku yenyewe kabla ya kuanza kila mtu aifute yake kwa spiriti nje kote, halafu aishike kwa kuingiza vidole ndani ya mdomo, hata jasho la vidole linaacha alama. Na zikaushe bila vifuniko usiku kucha, ukiifunga ina unyevu inaweka ukungu kwa ndani haipendezi.

Taa_ya_Jioni
Kwa wageni ambao hawajazoea mi nakushauri taa za karatasi, basi. Unachukua zile karatasi nyororo za kufungia zawadi, gundi nyeupe unaipunguza na maji kidogo, unapaka kwenye kioo unabandika kipande unapaka tena juu. Mwanzoni inaonekana maziwa maziwa watu wanakata tamaa, waambie wasubiri, ikikauka inakuwa angavu na taa ikiwa ndani rangi zinapandana pale vipande vilipokutana, nyekundu juu ya njano unapata chungwa ambalo hukulibandika. Vipande vichanwe kwa mkono visikatwe na mkasi, ukingo uliochanwa unalala vizuri na hauonyeshi mstari. Tabaka moja jembamba likikaa mbele ya feni halichelewi kukauka. Anayetaka theluji apake gundi chupa nzima aiviringishe kwenye chumvi ya mawe, inatoka kama imegandishwa na barafu, mimi hiyo ndiyo naipenda kuliko zote.

kioo_safi
Naunga mkono, rangi achana nayo kwa jioni moja. Rangi ya akriliki juu ya kioo ukiigusa baada ya saa moja unaona imekauka lakini ipitishe ukucha inabanduka, na kuna rangi maalumu za kioo maelekezo yake yanataka siku 21 ndo ikomae. Hata ile mipira ya theluji, yaani chupa unayoijaza maji na gliserini na vipande vinavyoelea kama theluji, iache, inataka gundi isiyopitisha maji ikae mpaka ishike ndo ujaze, mtu akiibeba mapema inavuja kwenye mkoba wake.

MezaNdefu
Mimi nasema kidogo kuhusu watu wenyewe, maana ufundi mmeshamaliza. Tengeneza moja kamili kabla uiweke katikati ya meza, mtu akiona mwisho wake haogopi kuanza. Tandika magazeti. Gundi ipunguze mapema uigawe kwenye vikombe, kikombe kimoja watu wawili, hapo ndo mazungumzo yanakolea kwa sababu mnapeana peana vitu. Bastola ya gundi ya moto iwe mezani pa peke yake pembeni na uchukue ile ya joto la chini, inatumika kwenye kifuniko na riboni tu, kwenye kioo laini ikipoa inabanduka. Na anzeni na kubandika, soga ndefu na vinywaji viwe wakati chupa zinakauka.

RangiTele
Asanteni sana wapendwa, basi ni taa za karatasi na chumvi. Swali la mwisho, ndani niweke mishumaa ya kweli au? Naona ndo ina mwanga mzuri.

kioo_safi
Hapana dada, weka vitaa vya betri. Karatasi na gundi vipo karibu na mdomo na moto unapanda huko huko, tena chupa za jemu hazijatengenezwa kwa moto, upande mmoja ukipata joto sana kuliko mwingine kioo kinapasuka. Chukua vile vya waya mwembamba, kunja kunja uvitumbukize, kasha la betri libandike ndani ya kifuniko. Na betri za ziada nunua kabisa.